Plateleti chini, malaria hamna: mlipuko wa dengue unaweza kuonekana kwenye data za maabara kabla hata hujapima dengue?

fundi_rejista

Habari za humu wadau. Mimi nashughulika na mfumo wa kompyuta wa maabara kwenye hospitali, sio mtaalamu wa maabara wala daktari, kazi yangu ni kuhakikisha majibu yakitoka kwenye mashine yanaingia kwenye mfumo na daktari anayaona, basi. Sasa kuna jambo limenikaa kichwani. Kipimo cha dengue hakipo siku zote, kikija kinaisha, PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe) ndo kabisa mpaka sampuli isafirishwe na majibu yanarudi mgonjwa keshapona zamani. Lakini FBP (hesabu kamili ya chembe za damu) inapimwa kila siku karibu kwa kila mwenye homa, na kipimo cha haraka cha malaria pia. Yaani nimekalia data za miaka kadhaa, plateleti (zile chembe za kugandisha damu), chembe nyeupe, hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu), malaria ipo au haipo, tarehe, umri, jinsia, wodi, zote zimelala tu kwenye seva hakuna anayezigusa.

Nikizipitisha macho naona kuna vipindi plateleti za chini zinakuja kwa mkupuo na hao watu malaria hawana. Ninachotaka kujua kwanza, hiki kitu kinaweza kuwa kengele ya mlipuko wa dengue au chikungunya au haya magonjwa mengine ya mbu, au najidanganya? Halafu mstari wa kusema hapa ni kawaida na hapa sio kawaida mnauchoraje? Na nikishaona imepanda nampelekea nani na namwambiaje bila kuonekana naleta taharuki. Mnieleze tu hata kwa ukali, nitasoma yote.

Hemato_Mzee

Hujidanganyi mkuu, ila ukianza na plateleti peke yake utapotea. Malaria nayo inashusha plateleti tena vibaya sana, aina zake za falsiparamu na vivaksi zote mbili, kwahiyo msimu wa malaria ukipanda grafu yako itapanda na wewe utapiga kelele dengue dengue kumbe ni malaria ileile ya kila mwaka. Hatua ya kwanza tenganisha wenye malaria na wasio nayo, ubaki na wale waliopimwa malaria wakakutwa hawana, na hao ndo uwaangalie plateleti zao.

Hata hapo pana mtego. Vipimo vingi vya haraka vinatafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria, na hiyo protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kumaliza dozi, kwahiyo mtu katibiwa malaria juzi leo ana dengue, kipimo kinasoma chanya na wewe unamtupa nje ya hesabu. Upande wa pili kuna vimelea vilivyopoteza jini ya HRP2, iliripotiwa mara ya kwanza Peru 2010, Eritrea ikawa kubwa mpaka wakabadilisha aina ya kipimo, hapo malaria ipo na kipimo kinasema haipo. Ushauri wangu usiwafute wenye malaria chanya, waweke kwenye kapu lao uwe na grafu mbili. Kapu la malaria chanya likipanda lenyewe ujue ni malaria. Kapu la hasi likipanda peke yake lile lingine limetulia, hapo ndo uanze kuinua shingo.

Na la pili ambalo nyie watu wa kompyuta huwa hamlioni kwasababu kwenu namba ni namba. Mashine inatoa plateleti 38, maana yake elfu 38 kwa maikrolita wakati kawaida ni elfu 150 mpaka 450. Mgonjwa mwenyewe amekaa kwenye benchi anachat, hana hata kidoa cha damu kwenye ngozi. Unachukua ile chupa ya kifuniko cha zambarau, unaweka tone kwenye slaidi, unalitandaza, unalipaka rangi, unapitisha hadubini mpaka ule mkia wa filamu mwishoni, unakuta plateleti zimejaa tele ila zimeshikana mafungu mafungu. Mashine inalisoma fungu zima kama chembe moja kubwa au inalihesabia kwenye chembe nyeupe. Kuna watu damu yao inafanya hivyo ikikutana na EDTA tu (dawa ya kuzuia kuganda iliyo kwenye hiyo chupa), ukiwatoa damu tena kwenye chupa ya sitreti plateleti zinarudi juu. Na watoto, damu imetolewa kwa shida, imeanza kuganda kabla haijachanganyika, namba inatoka chini. Mashine nyingi huwa zinaweka alama ya onyo pembeni ya jibu, kama mfumo wako unaipokea hiyo alama itumie, kama hauipokei kamuone aliyeuunganisha.

Mwenyeji_wa_Uzi

Naweka kambi hapa, uzi mtamu huu.

Dk_Zamu

Mzee kaongea vizuri, ila naomba nimwage maji baridi kidogo. Plateleti za chini na malaria hasi, mimi nikiwa wodini nafikiria sepsisi (maambukizi makali yaliyoenea mwilini), nafikiria HIV, taifodi, homa ya mgunda, ini lililoharibika, dawa alizokunywa, mjamzito mwenye kifafa cha mimba, saratani ya damu. Kwahiyo kengele yako sio ya dengue, ni ya kusema kuna kitu kimebadilika kwa watu wenye homa. Ni kengele nzuri, naitaka kabisa, ila usiipe jina la ugonjwa.

Halafu umeandika "dengue au chikungunya au haya mengine" kana kwamba yote yanafanana kwenye damu. Chikungunya plateleti hazianguki kihivyo, kinachoshuka zaidi ni limfosaiti (aina mojawapo ya chembe nyeupe), na mgonjwa anakuja kainama anashika magoti na vifundo vya mikono, hiyo kwenye FBP huioni. Zika wengi hawaumwi kabisa, na anayeumwa ni vipele na homa ndogo, ukisubiri FBP ikuambie kuna Zika utasubiri sana. Homa ya manjano na homa ya Bonde la Ufa fuata ini, vimeng'enya vya AST na ALT vinaruka, na ya manjano bilirubini inapanda na mkojo una protini. Kama maabara yenu inapima ini basi hiyo nayo ni data unayo na hujaitaja. Dengue nayo inagusa ini, mara nyingi AST inakuwa juu kuliko ALT.

Na siku za ugonjwa ni muhimu kuliko mnavyodhani. Dengue siku ya kwanza na ya pili plateleti ziko sawa kabisa. Chembe nyeupe ndo zinatangulia kushuka, plateleti zinafuata kama siku ya 3 mpaka ya 7, na mara nyingi zinafika chini kabisa wakati homa inaondoka, mgonjwa anasema daktari nimepona na huo ndo muda wa hatari, hematokriti inapanda kwasababu maji ya damu yanavuja. Sasa kama watu wanawahi hospitali siku ya kwanza, wanapimwa FBP mara moja wanarudi nyumbani, kengele yako itakuwa kiziwi. Ongeza chembe nyeupe chini ya 4, yaani elfu 4 kwa maikrolita, itakusaidia kuwashika waliowahi. Mwongozo wa WHO wa 2009 wenyewe umeweka kushuka kwa chembe nyeupe kwenye dalili za kumhisi mtu dengue, sio kitu nimejitungia.

nzi_wa_takwimu

Nimesubiri watu wa damu wamalize sasa nije upande wangu. Swali lako la pili ndo lenye kazi.

Usihesabu plateleti za chini, gawanya. Tuseme (mfano tu huu, sio data ya mtu) wiki moja una wagonjwa 120 waliopimwa malaria wakawa hasi na wakapimwa FBP, kati yao 9 wako chini ya elfu 100, hiyo ni 7.5%. Wiki inayofuata una 18. Zimezidi mara mbili, moyo unaenda mbio, kumbe waliopimwa ni 240, bado 7.5% ileile, kilichoongezeka ni watu kuja hospitali. Wiki ya tatu wako 26 kati ya 130, hiyo ni 20%, hapo sasa ndo kuna stori. Ukichora idadi tupu wiki ya pili na ya tatu hazitofautiani sana kwa macho.

Ila na asilimia nayo inadanganya usiiamini kichwa kichwa, kwasababu anayeamua nani apimwe FBP ni daktari. Vitendanishi (dawa za kupimia) vikipungua madaktari wanaanza kubana, wanaandikia FBP wale walio hoi tu, na walio hoi ndo wenye plateleti za chini, asilimia inapanda bila mbu yoyote kuhusika. Kinyume chake redio ikitangaza dengue ipo, kila mwenye kichwa kinamuuma anakuja kupimwa, asilimia inashuka wakati ugonjwa unapanda. Kwahiyo weka mistari mitatu kwenye ukurasa mmoja, waliopimwa, walio chini, na asilimia, na usiisome asilimia bila kuangalia huo mstari wa waliopimwa umefanya nini wiki hiyo. Ukiona FBP zimekatika ghafla ulizia stoo kwanza kabla ya kuulizia mbu.

Mstari wa kawaida sasa. Usichukue mstari wa mtu mwingine, hata wa hospitali ya jirani, kila mahali pana wagonjwa wake na mashine yake. Chukua miaka yako mwenyewe, mitano ikiwepo ni vizuri, gawa kwa wiki za mwaka, kila wiki tafuta namba ya katikati na robo ya juu (namba ambayo robo tatu ya zote ziko chini yake) kwa kutumia wiki hiyo na za jirani yake mbele na nyuma, ukivuka robo ya juu unakuwa kwenye tahadhari. Wengine wanatumia wastani wakiongeza mara mbili ya mtawanyiko wake, nayo inafanya kazi, ila mwaka mmoja wenye mlipuko mkubwa ukiwemo ndani unavuta wastani juu na mlipuko unaokuja hautauona. Miaka ya mlipuko itoe kwenye kutengeneza mstari, au tumia namba ya katikati ambayo haiyumbishwi kirahisi. Na mashine ikibadilishwa katikati ya hiyo miaka weka alama siku hiyo, mashine mbili hazihesabu plateleti sawasawa hasa zikiwa chini.

Kama huna miaka mingi kuna njia fupi, unalinganisha leo na siku saba zilizopita ukiacha siku mbili hapo kati ili mlipuko unaopanda taratibu usijimeze wenyewe. Inapiga kelele za uongo zaidi lakini inaanza kazi leo. Mimi ningedai wiki mbili mfululizo juu ya mstari kabla sijamwamsha mtu, au wiki moja kama imeruka sana.

Mmeshasikia ile ya Google? 2008 walianza kukisia mafua kwa maneno watu wanayotafuta kwenye intaneti, baadaye wakaongeza na dengue, watu wakashangilia. Msimu wa 2012 kuingia 2013 makisio ya mafua yakapaa karibu mara mbili ya hali halisi, 2015 wakaacha kutoa. Data ya pembeni inafuata tabia za watu kwanza, ugonjwa baadaye. Ya maabara ni bora kidogo kwasababu plateleti haisomi magazeti, lakini anayeziandikia zipimwe anasoma.

fundi_rejista

Aisee asanteni, nimesoma mara mbili. Nina maswali ya kazi sasa. Mfumo wangu hauna sehemu ya homa, daktari anaandika homa kwenye faili la karatasi, maabara tunapokea tu ombi la kipimo. Nitawajuaje wenye homa? Na tarehe niliyonayo ni ya jibu kutoka, sio ya sampuli kuchukuliwa. Afu nimejaribu kuchora fasta data ya miezi ya karibuni nikaona kuna kilima kizuri kabisa cha plateleti za chini, nikafungua ndani nikakuta majina yanajirudia rudia, mtu mmoja ana FBP kila asubuhi.

@Dk_Zamu ini tunapima ila sio kwa wote, nitaiangalia.

nzi_wa_takwimu

Huyo wa kila asubuhi kalazwa, ndo tabia ya wodi, mgonjwa wa dengue plateleti zake zinafuatiliwa kila siku mpaka zipande, kwahiyo mtu mmoja anakupa nukta sita za chini na unadhani ni watu sita. Chukua sampuli ya kwanza tu ya kila namba ya faili, zinazofuata ndani ya siku 14 ziruke. Na toa wodi ambazo plateleti za chini ni maisha yao ya kila siku, saratani, usafishaji figo, wagonjwa mahututi, watoto wachanga pia. Baki na wagonjwa wa nje na wale waliolazwa siku hiyohiyo.

Homa unayo tayari na hujui. Ombi la kipimo cha malaria lenyewe ndo homa yako. Daktari hamwandikii mtu malaria akiwa kavunjika mkono. Tangu WHO iseme 2010 kwamba kila anayehisiwa malaria apimwe kwanza kabla ya dawa, hilo ombi limekuwa alama nzuri tu ya homa, halijakamilika lakini linatosha. Ila tumia sampuli za siku moja, FBP na malaria ziwe zimeombwa pamoja.

Tarehe, omba wabadilishe mfumo uchukue muda wa sampuli kupokelewa. Kwa FBP haina madhara makubwa kwasababu inatoka siku ileile, kwa vipimo vinavyosafirishwa ndo inaua kabisa, majibu ya wiki tatu yanarudi siku moja na unaona mlipuko ambao ni gari la sampuli tu limefika.

Kitu kimoja nilisahau, angalia umri. Mahali ambapo dengue ni mpya inashika wakubwa kwa wadogo, kwasababu hakuna mwenye kinga. Mahali malaria ni ya kudumu wanaoumia zaidi ni watoto wadogo. Kwahiyo kapu lako la malaria hasi likianza kujaa watu wazima wa miaka 20 na 30 wenye plateleti za chini na chembe nyeupe za chini, wakati kawaida lilikuwa la watoto, huo mhamo wa umri peke yake ni ishara, na mimi naupenda kuliko asilimia kwasababu stoo ikiishiwa vitendanishi umri haubadiliki.

mbu_mchana

Salaam. Mimi ni wa upande wa mbu, na kila nikisoma nyuzi za aina hii naona mnasahau kwamba mbu ana kalenda yake.

Mbu aina ya Aedes akinyonya damu yenye dengue leo hawezi kuambukiza kesho, kirusi kinahitaji kama siku 8 mpaka 12 ndani yake, joto likiwa kali zinapungua. Akimuuma mtu, mtu anakaa siku 4 mpaka 10 ndo homa inaanza. Ongeza siku tatu nne plateleti zishuke. Hesabu mwenyewe. Ukiona plateleti za leo unaangalia kung'atwa na mbu kulikotokea wiki moja mpaka mbili zilizopita, na kabla yake mtu mwingine alishaugua na mbu yuleyule akaambukizwa kwake. Kwahiyo hii sio kengele ya mapema kwa maana ya kabla, ni mapema kuliko majibu ya PCR tu. Wiki mbili mfululizo za nzi_wa_takwimu mimi kwangu ni nyingi. Wiki ya kwanza ikivuka, anza kufanya kitu kidogo cha bei rahisi, wiki ya pili fanya kikubwa.

Kitu kidogo ni kipi, angalia wagonjwa wanatoka wapi. Kama mfumo una mtaa au kijiji, hata kimeandikwa vibaya, chora. Aedes haruki mbali, anaishi ndani na kuzunguka nyumba, anauma mchana hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, anataga kwenye vyombo vinavyotuama maji safi, matairi, ndoo, mapipa, vikopo. Wagonjwa wakiwa wa mitaa miwili mitatu iliyoshikana, mtu aende na tochi na bakuli akahesabu vyombo vyenye viluwiluwi, nusu siku tu anarudi na jibu. Wakiwa wametawanyika eneo zima sawasawa, rudi uangalie mashine na stoo kwanza.

Sasa kuhusu kingamwili maana najua kuna atakayesema tupime IgM (kingamwili za mwanzo za maambukizi). 1999 New York, watu wakaanza kulazwa na homa ya ubongo, vipimo vya kingamwili vikasema ni kirusi cha St. Louis, serikali ikatangaza hivyo na dawa ya mbu ikapigwa. Wakati huohuo kunguru walikuwa wanaanguka wanakufa mjini na ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx wanakufa, na kirusi cha St. Louis hakina tabia ya kuua ndege. Baadaye ndo ikajulikana ni West Nile, mara ya kwanza kuonekana bara lile. Vyote viwili ni familia moja, kingamwili zao zinaingiliana, kama dengue na Zika zinavyoingiliana, na hata chanjo ya homa ya manjano inaweza kuchafua majibu. Yaani data ya pembeni isiyo ya maabara kabisa, ndege waliokufa, ilikuwa inasema kweli kuliko maabara. IgM itumie kujua familia, usiitumie kutaja jina.

Na data nyingine ambayo hakuna aliyeitaja, damu ya wachangiaji. French Polynesia, Novemba 2013 mpaka Februari 2014, walipima wachangiaji damu 1,505 wakakuta 42 wana Zika ndani ya damu siku ile wanachangia, watu wanaojiona wazima kabisa. Hiyo ndo inakuonyesha ugonjwa ambao @Dk_Zamu kasema FBP haitauona. Kama karibu na ninyi kuna benki ya damu, jenga urafiki.

Dk_Zamu

@mbu_mchana nimekubali hiyo ya wiki ya kwanza. Na naongezea hapo kwenye kutojiona mgonjwa, makisio yaliyotoka 2013 ni kwamba dengue inaambukiza watu kama milioni 390 kwa mwaka na wanaoonyesha dalili ni kama milioni 96, yaani robo. Chikungunya ndo kinyume, ikiingia mahali wengi wanaumwa kweli, Lamu 2004 walipokuja kupima kingamwili baadaye wakakuta karibu robo tatu ya watu wameshaambukizwa. Kwahiyo fundi usije ukachukua wale 26 wenye plateleti za chini wa ule mfano ukaandika "wagonjwa 26 wa dengue". Hujui ni wangapi na hiyo sio kazi ya hii data. Kazi yake ni kukuambia wapi na lini ukatumie vile vipimo vichache vya kweli ulivyonavyo.

Swali lako la tatu la nani umwambie halijajibiwa. Muone mkuu wa maabara kwanza, usimruke, kisha mganga mfawidhi, na afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa eneo lako, yule ndo mwenye fomu za kila wiki. Usipeleke grafu ya rangi saba. Andika sentensi tatu: kati ya wagonjwa wenye homa wasio na malaria wiki hii, kiasi fulani wana plateleti chini ya elfu 100, miaka iliyopita wiki kama hii huwa ni kiasi fulani, wengi ni watu wazima na wanatoka sehemu fulani, tunaomba ruhusa ya kupeleka sampuli chache. Neno dengue lisiwepo. Neno mlipuko lisiwepo. Na majina ya wagonjwa yasitoke kwenye seva yako kabisa, hata kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi, weka umri na mtaa, na mtaa ukiwa na mgonjwa mmoja tu unganisha na jirani yake.

fundi_rejista

Hapo kwenye sampuli chache, ni ngapi na zipi? Maana wakisema sawa leteni, lazima niwe na jibu. Na vile vipimo vya NS1 (protini ya kirusi cha dengue) vikiwepo tunavyo vichache kweli.

Hemato_Mzee

Vichache vinatosha ukichagua vizuri, shida watu wanavitumia kwa yeyote anayekuja mpaka vinaisha kabla mlipuko haujaanza. Mwambie mkuu wa maabara aweke boksi moja pembeni, lisifunguliwe mpaka grafu yako ivuke mstari.

NS1 inaonekana tangu siku ya kwanza ya homa mpaka kama ya 5, wengine inafika ya 7, na kwa mtu aliyewahi kuugua dengue zamani inapotea mapema zaidi. PCR nayo ni siku hizohizo za mwanzo. IgM inaanza kuonekana karibu siku ya 5. Sasa umeona utata ulipo, plateleti zinashuka kuanzia siku ya 3, kwahiyo ukichagua kwa plateleti peke yake utakamata watu wa siku ya 6 na 7, NS1 yao imeshaondoka, unapata hasi kumi unasema kengele ni ya uongo. Chagua mchanganyiko. Nusu wawe wenye plateleti za chini, uwapime NS1 na IgM pamoja. Nusu wengine wawe wenye homa ya siku mbili tatu, malaria hasi, chembe nyeupe za chini, plateleti bado ziko juu, hao NS1 na sampuli ya PCR. Siku ya homa muulize mgonjwa mwenyewe pale anapotolewa damu uiandike kwenye fomu, maana kwenye ombi la kipimo hamna atakayeiandika.

Seramu ya PCR itenganishe mapema, weka kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 kama inasafiri ndani ya siku moja mbili, ikizidi hapo igandishwe kabisa, kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri kama ipo. Kugandisha na kuyeyusha mara mbili tatu kwasababu umeme umekatika ndo kunakoharibu. Gawa kwenye vichupa viwili, kimoja kibaki kwenu.

fundi_rejista

Nimeelewa. La mwisho, kati ya hizo sampuli, tuseme ni kumi, ikitoka chanya moja tu?

mbu_mchana

Mahali ambapo dengue haijaonekana siku za karibuni moja inatosha kupiga simu, na hiyo sampuli irudiwe kwa PCR ili mjue ni aina ipi kati ya zile nne za kirusi cha dengue. Mahali ambapo ipo mwaka mzima moja kati ya kumi haina habari, hapo rudi kwenye mstari wako uangalie wiki ijayo.

nzi_wa_takwimu

Na zote kumi zikitoka hasi usizime grafu. Andika tarehe iliyovuka, nini kilipimwa, nani alijibu nini, stoo ilikuwaje. Baada ya misimu miwili utakuwa unajua kengele yako inadanganya mara ngapi kwa mwaka na utasogeza mstari juu au chini. Ukikwama kwenye kutoa data kwenye seva niandikie, nina programu ndogo inayoruka FBP za kujirudia, nitakutumia bure.